Zawadi za sikukuu Goma: fromaji ngapi ziingie depo wakati ndege haitui na benki zimefungwa?

Mwezi wa 11 umefika katikati, na mbele ya maduka ya Goma vitunga vya zawadi vimeanza kupangwa: fromaji ya Masisi, paketi ya kahawa ya Kivu, chupa ya asali, mara chokoleti ya Mutwanga, vyote vimefungwa ndani ya nailoni yenye kung'aa na utepe mwekundu. Kwa mpita njia ni mapambo tu. Kwa mama anayeuza ni karibu kapitali yake yote ya mwaka, na swali moja linamnyima usingizi: aingize vitu ngapi mbele ya Noeli, ili tarehe 24 asikose cha kuuza, na tena asibaki na mzigo mwezi wa kwanza, siku watoto wanarudi masomoni na shule inadai minervali?

Swali lenyewe ni la kila mwaka. Ila jibu la zamani mwaka huu wa 2025 halifanyi tena kazi, na wengi bado wanalifuata.

Jibu la zamani lilikuwa hili: nunua mapema, jaza depo, ngoja bei ipande. Lilikuwa na akili yake. Mwezi wa 12 ulikuwa unasamehe makosa, maana vilivyobaki vilipanda ndege. Fromaji ilikuwa zawadi ya lazima kwa kila anayekwenda Kinshasa. Mtu akishuka N'djili mikono mitupu, familia inamuuliza kama kweli ametoka Goma. Mtumishi wa serikali, mfanyabiashara, mwanafunzi, mtu wa ONG, kila mmoja na karatoni yake. Mama aliyekosea hesabu kwa fromaji 30 alikuwa anazisukuma kwa wasafiri wa Bonane, na mambo yanaisha.

Sasa mlango huo haupo. Kiwanja cha ndege cha Goma kimefungwa toka mwisho wa mwezi wa 1, wakati AFC/M23 ilishika mji. Tarehe 30 mwezi wa 10, kwenye mkutano wa Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba kitafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata, na AFC/M23 ikapinga namna uamuzi huo ulivyochukuliwa. Hata kikifunguliwa kesho, ndege ya misaada haibebi karatoni ya fromaji ya shangazi. Anayetaka kufika Kinshasa anazunguka kupitia nchi za jirani, siku zinapita, na kila kilo ya mzigo wake inahesabiwa. Kwa hiyo yule anayejaza depo leo akisema «Kinshasa itachukua» anajaza kwa ajili ya mteja ambaye hawezi kumfikia.

Jambo la pili ni makuta. Benki za mji zilifunga milango wakati uleule. Kuna wanaovuka mpaka kwenda Gisenyi kutoa franga zao, kuna wanaozipitisha kwenye telefone na kulipa komisyo juu yake. Kwa muuzaji mdogo maana yake ni moja: hakuna mkopo wa miezi miwili wa kununulia stoki ya sikukuu. Kinachobaki ni AVEC yake, likirimba ya wenzake, ao wakopeshaji wa mtaani tunaowaita banki Lambert, ambao riba yao inahesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Na riba ya mwezi hailali. Kila fromaji inayokaa kwenye ubao inakula kidogo ya faida ya jirani yake.

La tatu, wateja wakubwa wamepungua. ONG ndizo zilikuwa zinaagiza vitunga makumi kwa mara moja, kwa wafanyakazi na washiriki wao. USAID, iliyokuwa mfadhili mkubwa hapa kwetu, ilisimamishwa mwanzo wa mwaka na kufungwa rasmi tarehe 1 mwezi wa 7, na mashirika mengi yamerudisha watu nyumbani. Aliyekuwa anapewa kitunga mwaka jana, mwaka huu anatafuta kazi. Anayepanga stoki yake kwa kutazama daftari la Desemba 2024 anasoma habari za mji mwingine.

Si kila kitu kinazeeka sawasawa

Kosa kubwa la vitunga ni kuhesabu vitu vyote pamoja. Muuzaji anasema: nataka vitunga 100, basi ninunue fromaji 100, kahawa 100, asali 100, siku moja. Lakini ndani ya kitunga kimoja kuna vitu vyenye maisha tofauti kabisa.

Tuanze na fromaji, maana ndiyo yenye kuleta mteja na ndiyo yenye kuua biashara. Ufundi huu uliletwa Masisi na mapadri kutoka Ulaya katika miaka ya 1970, na fromaji yetu bado ni ya ukoo wa gouda. Kilo moja inakula karibu litri 10 za maziwa. Inakamuliwa ndani ya kalibu, inalowekwa katika maji ya chumvi, kisha inalazwa juu ya mbao ikomae. Ya wiki moja ni laini na ina maji mengi. Ya mwezi imeshikana na ladha imefika. Sasa sikia jambo ambalo wachache wanaandika katika daftari: maji hayo yanatoka hewani. Fromaji uliyonunua kwa kilo mwanzo wa mwezi wa 11 haina uzito ule ule siku ya Noeli. Ukinunua kwa kilo na kuuza kwa kilo, umepoteza kitu bila mwizi kuingia. Ndiyo maana wajanja wananunua kwa kilo na kuuza kwa kipande kizima, ao wanapandisha bei ya kilo kila inavyokomaa, na wanamwambia mteja sababu.

Hali ya hewa ya Goma, na usiku wake wa baridi, inasaidia fromaji kuliko joto la Kinshasa. Bado inaomba mikono: kugeuzwa, kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi wakati ukungu unaota, kulindwa na panya. Depo ya mbao yenye joto la bati juu si mahali pake. Na ile nailoni ya kung'aa ni adui. Fromaji ikifungwa ndani yake siku 10 inatoka jasho, inakuwa na utelezi, na mteja anarudi na kitunga chake mkononi. Kitunga cha maonyesho kiwekwe bila fromaji, ao na moja tu ya kujitolea. Zingine ziingie siku mteja analipa.

Kahawa ina siri nyingine. Mavuno makubwa ya arabika ya pande za ziwa yanakuja kati ya mwezi wa 3 na wa 6 hivi, kwa hiyo mwezi wa 11 kahawa tayari iko ndani ya magunia. Mbichi, ikiwa imekauka vizuri na iko mahali pasipo unyevu, inangoja miezi bila kulalamika. Ikishakaangwa, saa inaanza kukimbia: ndani ya wiki chache harufu inapungua, na ikisagwa inapungua haraka zaidi. Lakini utaona watu wanakaanga na kusaga yote mwezi wa 10, wanabandika etiketi, wanapanga paketi mpaka juu ya dari. Kwa nini? Stoki ni ya mbichi. Mtu akaange kidogo kidogo, kila wiki ya mwezi wa 12, kadiri ya komande. Kahawa ambayo haikuuzwa ikiwa mbichi bado ni kahawa ya Pasaka. Ile iliyosagwa ni ya kunywea nyumbani.

Asali haina shida na kalenda. Shida yake ni maneno ya watu. Kwenye baridi inaganda, na mteja anasema: «Mmetia sukari.» Kuganda si ubaya, ni tabia ya asali nyingi safi, chupa iwekwe katika maji ya moto kiasi, si ya kuchemka, itarudi. Muuzaji aandike hivyo kwenye karatasi ndogo, itamuokolea mabishano.

Chokoleti ya Mutwanga ni habari ya barabara kuliko ya depo. Inatengenezwa katika teritware ya Beni, kwa kakao ya huko na umeme wa maji wa hifadhi ya Virunga, na ni moja ya vitu vichache vya Kivu ambavyo mtu anaweza kumpa mgeni kwa kujivuna. Lakini toka Kanyabayonga iliposhikwa mwisho wa mwezi wa 6 wa 2024, barabara ya Butembo kuja Goma inapita katikati ya vita. Watu wengi na mizigo vinazungukia Uganda: Kasindi, halafu Bunagana. Chokoleti inasafiri hivyo ndani ya gari lenye joto, inayeyuka, inashikana tena, na inafika na madoa meupe. Haina sumu, lakini nani atatoa zawadi yenye madoa? Mimi ningeshauri chache, za komande tu.

Biskuti na divai za kutoka nje tusiongee sana. Tazama tarehe ya mwisho iliyochapwa, maana mwezi wa 12 ndio mwezi wakubwa wa jumla wanamwaga kwa wadogo vile vinavyokaribia kuisha.

Hesabu ya dola 1.000

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Mama ana dola 1.000 za mkopo, kwa riba ya 10 kwa mia kila mwezi, kwa miezi miwili. Riba peke yake ni 200.

Namna ya kwanza, ile ya zamani: mwanzo wa mwezi wa 11 ananunua fromaji 125 kwa dola 8. Anauza kwa 12. Ila mwaka huu wanakuja wateja 80 tu. Anapata 960. Zinabaki 45; 15 zimeharibika, 30 anazitupia watu kwa dola 5, anapata 150. Jumla 1.110. Ametumika miezi miwili, faida 110, na deni la riba ni 200. Amepungukiwa 90, na hatujahesabu usafiri wala chumba.

Namna ya pili: ananunua fromaji 50 tu kwa dola 8, yaani 400. Dola 250 anaziweka katika kahawa mbichi na asali. Dola 350 anazishika mkononi. Wateja ni wale wale 80. Hamsini za kwanza zinamletea faida ya 200. Mwezi wa 12 anarudi kununua zingine 30, na bei imepanda mpaka 10. Watu wanamcheka kwamba amechelewa. Anatoa 300, anauza 360, faida 60. Jumla ya faida ya fromaji ni 260. Riba imelipwa, zimebaki 60, na hakuna fromaji hata moja inayooza. Kahawa na asali zilizouzwa zimeongeza faida yao, zilizobaki bado ni mali.

Wengi wanashangaa hapo. Kununua ghali mwezi wa 12 kunashinda kununua rahisi mwezi wa 11? Ndiyo, kama kile cha rahisi ni kingi kuliko watu. Tunazoea kuogopa bei ya kununulia, kumbe kinachotumaliza ni kile kinachobaki.

Kuna kitu cha kuongeza kuhusu franga zenyewe. Mwisho wa mwezi wa 9 na ndani ya mwezi wa 10, franka ya Kongo ilipata nguvu ghafla mbele ya dola, toka karibu 2.900 kwa dola moja mpaka chini ya 2.500 kwa kiwango cha Banque centrale. Aliyenunua kwa dola na kuuza kwa franka, ao kinyume, faida yake ilibadilika bila yeye kufanya lolote. Usalama mdogo uliopo ni kushika akiba ya kununulia katika franga zile zile ambazo mwenye fromaji anaomba, na kutoandika bei kwenye etiketi mwezi mzima mbele.

Lakini njia ikikatika?

Hapa kuna pingamizi la kweli, na anayelisema hakosei. Utashikaje dola 350 mkononi kungoja mwezi wa 12, wakati huko Masisi mapigano kati ya AFC/M23 na Wazalendo yanaweza kufunga njia asubuhi moja, na Sake isipitishe hata moto? Katika mji wa amani stoki kubwa ni uzembe. Katika mji wetu stoki ni bima pia. Pesa zinaweza kuibiwa usiku. Fromaji 100 hazibebwi kwa mfuko wa suruali.

Ni kweli. Na barieri pia zinaongeza bei bila kutoa taarifa. Hili si jambo la mwaka huu: mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu karibu barieri 800 katika Kivu mbili. Mzigo mdogo unaopita mara nne unaweza kulipa zaidi kuliko mzigo mkubwa unaopita mara moja. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu «nunua kidogo kidogo» kama vile tuko Kigali.

Naona njia ya katikati iko katika mambo mawili. Kwanza, bima iwekwe katika vitu vinavyovumilia. Ukitaka depo ijae kwa sababu ya hofu ya njia, ijae kahawa mbichi, asali, sambaza zilizokaushwa vizuri, si fromaji ya wiki moja. Na kitunga kiuzwe bila kutaja kila kitu kwa jina: «kitunga cha dola 25, vitu vitano vya Kivu». Fromaji ikikosekana, kinaingia kitu kingine cha bei hiyo, na mteja anaambiwa toka mwanzo. Aliyeandika kwenye tangazo «fromaji kilo 2» amejifunga mwenyewe kwenye barabara ya Sake.

Pili ni avansi. Komande bila pesa si komande, ni maongezi. Ndugu wa Ulaya ao Kanada anayetaka kitunga kifike kwa mama yake Himbi ao Katindo anaweza kutuma nusu sasa kwa telefone. Kundi la AVEC ambalo linagawana makuta karibu na Noeli, na mengi yanafanya hivyo, linaweza kuagiza pamoja na kutaja siku ya kugawana. Kwa namna hiyo mama ananunua kitu ambacho tayari kina mwenyewe. Wateja wengine wataona ni dharau kuombwa avansi. Katika mji ambao benki zimefungwa, watazoea. Ila anayeipokea asiile. Daftari la avansi likae mbali na daftari la nyumba, kwa sababu avansi iliyolipa kodi ya nyumba mwezi wa 11 inageuka kelele tarehe 23 ya mwezi wa 12.

Mtu wa mwisho kwenye mnyororo

Kuna mtu ambaye vitunga havimuonyeshi. Ni yule anayetengeneza fromaji kule juu. Mwezi wa 11 ni wa mvua, majani yapo, ng'ombe waliobaki wanatoa maziwa, na maziwa hayangoji. Ng'ombe wengi wameibwa ao wamekimbizwa katika vita hii, na mwenye kubaki na ng'ombe watano lazima akamue leo na afanye fromaji leo. Fromaji ya Noeli inapaswa kuwa kwenye ubao sasa hivi ili iwe na wiki zake nne ao tano.

Sasa kama wauzaji wote wa Goma wakipunguza na kusema «nitanunua nikipata mteja», hasara haijapotea, imepanda mlima tu. Imemfikia yule ambaye hana depo nzuri wala telefone yenye kushika mtandao. Akiona hakuna anayenunua mwezi wa 11, atauza maziwa kwa bei ya kutupa ao atatoa fromaji changa, yenye maji, ambayo mwezi wa 12 itawaharibia wauzaji jina. Hii ndiyo sababu avansi inapaswa kutembea mpaka kule. Mama akipokea nusu ya bei kutoka kwa mteja, sehemu ifike kwa mfugaji kama ahadi ya fromaji fulani, yenye tarehe iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wake. Fromaji inabaki kukomaa mahali pake pa baridi, hailipi chumba cha mjini, na inashuka kwa tarehe iliyopangwa, kama njia inaruhusu. Njia isiporuhusu, wawili wanagawana hasara kadiri walivyosikilizana mbele. Makubaliano ya namna hii mara nyingi yanafanywa kwa maneno tu. Karatasi moja yenye sahihi mbili haina gharama.

Kuhusu vitakavyobaki, maana hata mwenye hesabu nzuri atabaki na kitu: tarehe ya kuanza kuviondoa iamuliwe leo, si siku ya huzuni. Kama tarehe 28 fromaji bado ziko zaidi ya kumi, zitolewe kwenye vitunga, zikatwe vipande vya robo kilo, ziende kwa malewa na kwa wauza mikate wa asubuhi, ambao kila siku wananunua kidogo bila kuuliza utepe. Tarehe 3 ya mwezi wa kwanza kila mtu mjini atakuwa anauza fromaji ile ile, na bei itakuwa ya yule mwenye njaa zaidi. Vitunga vyenyewe, vya miyaa ao vya mianzi, havitupwi: kuna tarehe 8 ya mwezi wa 3, kuna Pasaka, na kuanzia mwezi wa 6 kuna harusi na sherehe za diplomi, ambapo ile kahawa mpya ya ziwa itakuwa imeanza kuingia.